Muhuri Nyuma ya Picha ya Mwalimu Ouma

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya, tena mchana.

Zama zile za chama kimoja nilikuwa nikisafisha picha katika studio moja hapa Eldoret. Mwalimu Ouma, aliyekuwa akitafutwa kwa sababu ya karatasi fulani alizogawa, alikuja kupigwa picha moja tu. Alitaka kumtumia mama yake kule ziwani, ajue mwanawe yuko hai.

"Sister, usiandike kitu nyuma."

"Siandiki, Mwalimu."

Kweli, sikuandika. Lakini mkono una mazoea: niligonga muhuri, kama nilivyogonga kila picha. Jina la studio, Eldoret, nambari ya negativu. Sikutambua hata nilipompelekea bahasha alikojificha, Kimumu.

Baada ya wiki mbili wakaingia wanaume wawili wenye makoti. Walikuwa wameipekua nyumba ya mama yake Ouma, wakageuza picha, wakasoma muhuri, wakamrudishia.

"Huyu anakaa wapi?"

Ungesema nini? Niliogopa. Nilisema Kimumu. Walimkamata siku hiyohiyo, na ile negativu wakaenda nayo.

Siku ya nne, saa saba mchana, nilikuwa chumba cha giza, mlango nimeutia komeo, nikisafisha picha za harusi ya watu wa Turbo. Chini ya balbu nyekundu, kando yangu kabisa, alisimama Ouma. Alininyooshea picha, mgongo juu.

"Futa, sister. Futa huo muhuri kabla Mama hajausoma."

Niamini, niliipokea. Nilichukua wembe nikakwaruza ule muhuri huku nalia, mpaka karatasi ikatoboka. Nilipofungua mlango, hakukuwa na mtu wala picha. Vidole vyangu tu vilikuwa na wino wa zambarau.

Jumamosi mama yake alikuja kuchukua maiti. Alikuwa ameambiwa mwanawe alikufa kizuizini siku ile, saa ile. Akauliza njia mpaka studio, akafungua mkoba, akatoa picha.

"Nisafishie ingine, mwanangu. Hii sijui nani amemtoboa uso."

"Negativu haiko, Mama."

"Hata moja ndogo, ya kuweka juu ya sanduku?"

Ouma alizikwa bila picha. Niliacha kazi mwezi huo, na mpaka leo sijamwambia mama yule ni wembe wa nani.

Kwa hivyo nakuomba, ukituma picha ya mtu anayejificha, igeuze kwanza. Na ukimwahidi mtu, angalia mkono wako unafanya nini.