Kadi ya Wandera

Kabla ya kuuona uso wa Leonida Taaka, mtu aliona kidole chake cha shahada, chekundu kwa wino. Wagonjwa wageni pale zahanati ya Busia walidhani amejikata. Wenyeji walijua kwamba wino huo ulikuwa wa maonyo, na kwamba Leonida aliyaandika kwa mkono mzito.

Alikuwa karani wa kadi. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake katika sanduku refu la mbao, nazo zilipangwa kwa alfabeti. Kazi ndogo, watu walisema. Yeye hakuiona ndogo. Tangu asikie kwamba Kampala kumefunguliwa kozi ya wakutubi, hamu yake ilikuwa moja: kujifunza kupanga habari ili hata asiyejua pa kutafuta apate.

Mwaka 1963 Wandera, mtoto wa dada yake Syprose wa Buhehe, alichomwa penisilini, koo likavimba, nusura afe. Leonida akaandika kwenye kadi yake: ASICHOMWE PENISILINI. Mwaka uliofuata mtoto alishikwa na kilio kisichokoma. Bibi yake akamwota babu wa ukoo, Egesa, akidai jina. Kuku akachinjwa, mtoto akaitwa Egesa, akatulia. Hakuna aliyemwita tena Wandera. Leonida mwenyewe alikula kuku yule, akarudi kazini, na kadi akaiacha penye W.

Oktoba mwaka huohuo, Leonida akiwa Tororo kwenye usaili wa kozi, Syprose alimleta mtoto ana homa na kifua. Osborn, aliyeshika zamu yake, akauliza jina.

"Egesa."

Alitafuta penye E, hakuona kitu. Akaandika kadi mpya, safi, haina onyo. Syprose hakuwa na wasiwasi. Dada yake si alishaandika? Mtoto akachomwa sindano. Jua halikutua akiwa hai.

Matangani Syprose alisema maneno machache tu. "Ulikula kuku wetu, Leonida. Ukala, ukanawa mikono, ukasahau." Hakusema naye tena.

Leonida alirudi kwenye sanduku lake. Sasa kila mgonjwa aliulizwa jina la ubatizo, la nyumbani, na lile aliloachishwa utotoni, na kila jina lilipata kadi ndogo ya kuelekeza kwenye kadi kubwa. Foleni ikarefuka.

"Mama karani," alilalamika Ekaju, mchuuzi wa samaki wa Majanji, "kikohozi moja, jina tatu! Nataja na ya mbuzi yangu?"

"Mbuzi wako akija kuchomwa sindano, nitaandika."

Watu wakaangua kicheko. Leonida hakucheka.

Mei 1965 barua ikaja: amepata nafasi Kampala, masomo yanaanza Julai. Wiki tatu zikapita bila kuijibu.

"Dada, jibu," Osborn alimsihi. "Watampa mwingine."

"Nikajifunze kutunza nini, Osborn? Kadi moja ya nyumbani kwetu ilinishinda. Syprose asiponiambia nenda, siendi."

Osborn aliinamisha kichwa. Mwandiko wa ile kadi safi ulikuwa wake. Siku ya mapumziko alipanda baiskeli mpaka Buhehe, akamweleza Syprose ni nani aliyeiandika, na akamsimulia habari za kadi ndogo, ambazo sasa zilipita mia nne. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Amesemaje?" Leonida alimuuliza kabla hajashuka.

"Amesema usipande gari moshi la Kampala kabla hajaja. Atakuja Jumapili, baada ya ibada."

"Kuniambia nini?"

"Hilo hakusema, dada. Ila aliniuliza kama chumbani kwako pana pa kulala mtu wa pili."

Leo ni Ijumaa. Gari moshi linaondoka Tororo Jumatatu. Leonida ameijibu barua lakini hajaipeleka posta. Amenunua sukari na mkeka mpya, amefagia chumba mara mbili, na kila anayetoka upande wa Buhehe anaulizwa kama njia inapitika.