Katoni Saba Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda changu Riyadh kulikuwa na katoni saba: mablanketi mazito, chupa za chai, vikombe vya ukingo wa dhahabu. Vitu hivyo nilianza kuvinunua soko la Batha mwaka nilipochumbiwa. Mchumba akaoa mwingine. La kuvunda halina ubani, lakini mimi nikaendelea kununua. Likizo tatu zilipita sikwenda kwetu Unguja, maana niende nikawaambie nini majirani? Mama alikuwa ameshatenga hata chumba, nami nikajua ni cha kuviweka vitu hivyo.

Tulikaa wawili, wauguzi sote. Mwenzangu, Mhindi, aliamka alfajiri kufanya yoga. Siku moja nilipomaliza kusali, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikamuuliza kama kujikunja kule kutampeleka peponi. Hakukasirika. Alinieleza kwamba kwa wahenga wa yoga, viungo ni sehemu ndogo tu. Kwanza mtu ajizuie kudhuru, kusema uongo, kuiba na kulimbikiza; mwisho wa safari ni uhuru, roho isifungwe tena na inachokitamani wala inachokikimbia. Nikamjibu kwamba mimi dini yangu ninayo. Akasema hilo halina ubishi, ila zile katoni ni za nani?

Nilimnunia wiki nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Baadaye nikahamishiwa Jeddah, na kwa ukaidi wangu nikazipakia zote saba kwenye basi. Huko, mama mmoja wa Chad, mkazi wa mtaa wa mabanda wa Karantina aliyesafisha wodi yetu, alinisimulia kwamba binti yake anaolewa na hata blanketi mafi, hana kabisa. Ijumaa nikakodi gari, nikampelekea zote. Bibi harusi alilikumbatia blanketi langu jekundu, bado limo ndani ya nailoni yake. Nilidhani nitalia. Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikakaa chini, kifua chepesi ajabu.

Jioni nilimpigia mama nikamwambia katoni zote nimezigawa, na nikajiandaa kugombezwa, maana chumba cha kuziwekea alikuwa akikifagia kila siku.

"Chumba nilikitenga kwa ajili yako, mwanangu," akasema. "Vikombe ninavyo."

Asubuhi nikajaza fomu ya likizo. Nilisafiri na begi moja.