Fundi Anayepima kwa Theluji

Fundi wa televisheni hakabidhi kazi mpaka aijaribu kwa theluji. Wenzake hutosheka na taarifa ya habari. Yeye hutafuta mashindano ya kuteleza milimani, maana weupe juu ya weupe ndio unaoumbua kioo kibovu. Hukaa na bisibisi sikioni, vidole vyake vyenye makovu ya kulehemu vikigonga meza, akigombana na wapiga picha wasiomsikia: “Miguu, bwana! Mtu anatua, wewe unatuonyesha mashabiki!”

Siku hiyo mama mshonaji alikuja kuchukua televisheni yake mbiombio, mkoba begani. Alipoona kioo cheupe pe, akasimama mlangoni. “Mbona bado mbovu?”

“Nzima hiyo, mama. Hiyo ni theluji.”

Washindi walikuwa wameshamaliza zamani. Mlimani alibaki mmoja tu, wa mwisho, akija kwa kuyumbayumba. “Hapa ndipo wanapokatiza kuweka matangazo ya sabuni,” fundi alinong’ona, akasimama. “Usiondoke, kaka mpiga picha. Nakuomba, usiondoke.”

Mpiga picha hakuondoka. Yule wa mwisho akavuka mstari, akaanguka chali, akacheka, na meno yake yakaonekana moja moja. Fundi alipiga makofi mpaka bisibisi ikachomoka sikioni. “Umeyaona meno? Imepona! Ichukue, mama.”

Mama mshonaji alikuwa ameshavuta kigoda, mkoba uko sakafuni. “Subiri kwanza,” alisema bila kugeuka. “Huenda kuna mwingine nyuma yake.”