Pini Nyekundu, Pini Nyeupe

Kisa hiki hamtakiamini, wala sitawalaumu. Hata mimi mjomba wa Bi Pindo, niliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha, nilipokisikia nilikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Bi Pindo, wenzake wanamwita hivyo kwa sababu pindo alilolishona yeye halijawahi kufumuka, alikuwa ameshafanya kazi miaka kumi na moja kwenye karakana ya kushona sare. Siku hiyo alikaa mbele ya karatasi ya mtihani. Oda zilikuwa zinakuja kwa Kiingereza, na bosi alishatangaza: fundi atakayefaulu ndiye msimamizi mpya, asipopatikana, analetwa mtu wa nje. Watu wa nje walishaletwa watatu, na wote watatu Bi Pindo ndiye aliyewafundisha kutunga uzi.

Kila sentensi ilikuwa na maneno mawili, uchague moja. "Neat", yaani nadhifu, au "neatly", yaani kwa unadhifu? Wenzake waliguna, wakafuta, wakaguna tena. Bi Pindo akachomoa pini zake, kama anavyofanya akiwa na nguo mezani. Neno linalosema kitu kikoje, akalichoma pini ya kichwa chekundu. Linalosema kazi imefanywaje, nyeupe. Dakika ishirini, akakabidhi.

Mwalimu wa kukodiwa aliipokea karatasi kwa kiganja kizima. Akaruka juu! Damu kidoleni.

"Mama, ni nini hiki?"

"Majibu, mwalimu."

"Majibu? Rangi zinaonekana mpaka mlangoni! Unampa nani ishara? Huu ni wizi!"

Miaka yote hiyo Bi Pindo hajarudi nyumbani hata na kifungo kisicho chake, leo anaitwa mwizi mbele ya cherehani yake mwenyewe!

"Basi niulize hapa hapa," akasema. "Na bosi asikie."

Bosi akatoka ofisini, kalamu sikioni. Mwalimu akaokota chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia: "The cloth feels…" Halafu akaongeza "smooth", laini, na "smoothly", kwa ulaini. Ule ndio mtego uliowanasa wenzake wote: waliona kitenzi, wakakimbilia la pili.

Bi Pindo akavuta kipande cha kitambaa, akakipapasa.

"Mwalimu, kitambaa hiki kina vidole?"

"Vidole? Hakina."

"Basi hakipapasi kitu. Anayepapasa ni mimi. Hapa tunasema chenyewe kikoje. 'Smooth'. Pini nyekundu. Ungeniuliza nakishona vipi, ningekupa nyeupe."

Mwalimu akairudia karatasi, akafuata pini moja baada ya nyingine, safari hii kwa adabu. Hakukuta hata moja iliyokosea. Akamtazama bosi.

Mwisho bosi akachomoa funguo za chumba cha kushonea mfukoni, akamwekea Bi Pindo mkononi. Sasa sikilizeni: mafundi mia tatu wakapanda juu ya cherehani, wakapiga makofi mpaka vioo vikapasuka, na mwalimu akapiga magoti, machozi yanamtiririka, akaomba—

"Mjomba!" Bi Pindo akanikatiza. "Tulikuwa tisa. Na alichoomba ni plasta."