Ishak Hafumbi Macho Tena

Ishak wa duka la misumari, kule Mji wa Kale, alikuwa mwoga wa sinema za kutisha, wala hakuona haya kusema. Utotoni, binamu zake wa mtaa wa Tudor walimfungia chumbani na kanda ya maiti aliyefufuka. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akajikojolea, na wenziwe nje wanacheka. Watoto wana roho mbaya, jamani! Woga ule akaoa nao. Mkewe Amtulla na binti yao Jannat walizipenda sana sinema hizo, na kila zimwi lilipojitokeza Ishak alijitumbukiza kichwa kizima ndani ya rida ya mkewe, lile vazi pana la Kibohora, akiuliza kama limeshapita.

Mwaka jana Amtulla alifariki kwa maradhi ya figo. Tangu hapo Jannat hakuketi tena kwenye sinia. Na kwa Mabohora sinia ni moja, mnalizunguka wote, mnaonja chumvi kwanza, ndipo mnakula. Msichana akawa anapakua kwenye sahani, anaingia chumbani, anakula na mazimwi yake. Ishak alimbembeleza, akamfokea, wapi! Mwanawe alikuwa akimponyoka, na hakuwa na mwingine duniani.

Basi akawaza: nikiweza kukaa naye kwenye sinema zake, atarudi kwangu. Akaanza kujizoesha dukani mchana, simu kaiegemeza kwenye kopo la rangi. Mteja akiuliza kufuli, yeye roho inamruka. Mwanzo alitetemeka, hata akatapika. Hakuacha. Pole pole woga ukamtoka, na wallahi alijiona dume.

Jumapili alasiri akabisha mlango wa Jannat.

"Mama, nisogezee hiyo kompyuta nami nitazame."

Jannat alishangaa, akamsogezea. Haukupita muda, mwanamke asiye na macho akachomoka ukutani akipiga ukelele. Ishak ametulia tuli, hata kope hakupepesa. Alipogeuka, akamkuta binti yake hatazami sinema, anamtazama yeye.

"Baba, huogopi?"

"Siogopi tena, mwanangu. Nimejizoesha kwa ajili yako."

Jannat akaizima sauti ya sinema. "Mimi na mama tulikuwa tukikutazama wewe, si sinema. Tulikucheka mpaka mbavu zikatuuma." Akaifunga kompyuta. "Ulipoingia nilifurahi. Nikasema leo Baba atapiga kelele, na mimi nitakuwa kama namsikia mama akicheka."

Masikini Ishak! Upesi akajifunika uso kwa viganja, akaguta, "Yallah! Yallah!" Lakini sauti ilitoka ya kuigiza, na wote wawili waliisikia.

"Usifanye hivyo, Baba. Tafadhali."

Akajilaza, akaupa ukuta uso. Ishak akabaki ukingoni mwa kitanda, viganja vingali usoni, anautafuta ule woga wake na hauoni.