Jiografia Yaenda Vitani

Inatangazwa kwa wapenda uhuru wote, wa nchi kavu na wa majini, kwamba kwa idhini ya Baraza la Walimu la Chuo cha Nieuwveld, jimbo la Iowa, Jiografia sasa imeingia vitani rasmi. Itatembea nyuma ya Kemia na mbele ya Muziki. Falsafa itabaki nyumbani kulinda maana.

Tangazo hilo alilitunga Dekani Cornelius Te Paske na kulisoma mwenyewe, kofia kifuani, sauti ikitetemeka kama ya mtu anayezika. Jiografia yenyewe ilikuwa imesimama mlangoni na viatu vya mpira vyenye tope, ikitafuta mahali pa kutundika mwavuli. Jina lake Tryntje Wiersema, mwanamke wa makamo, mrefu, asiye na mume wala haraka ya kumpata.

Mwaka huo wa 1944 kila somo pale chuoni lilikuwa na hofu ya kuonekana halina kazi. Mwalimu wa Botania alikuwa amewatuma wake za wachungaji maporini kuchuma magugu yenye sufi, ijazwe kwenye maboya ya mabaharia. Falsafa ilipewa somo la "Kwa Nini Tunapigana", na vijana wa jeshi walilisikiliza kwa utiifu, macho yamefumbwa, migongo imenyooka. Hata mwalimu wa Kilatini, ambaye hakuwa na mwanafunzi hata wa kumsingizia, alijipatia kibarua cha kutunga maneno ya kuchorwa kwenye pua za ndege.

Tryntje hakuwa ameombwa kitu. Alifundisha vijana kusoma ramani, akaenda zake. Kumbe jambo lake lilikuwa linamsubiri maktabani, linaliwa na panya kwa heshima zote.

Ujanani mwake alivuka bahari kwenda Oosterwaard, kisiwa cha Uholanzi alikozaliwa mama yake, kuandika tasnifu juu ya matuta yanayozuia bahari isiingie mashambani. Alikwenda na dada yake mkubwa, Aukje, wa kumshikia fito ya kupimia. Tryntje alirudi na tasnifu. Aukje hakurudi. Alimpenda mtengeneza matuta mmoja, akaolewa, akafiwa, akabaki kwenye nyumba iliyo chini ya pindo la kusini la tuta, anapika supu ya mbaazi na kusuta majirani. Tangu Wajerumani waingie, hakuna aliyesikia lake.

Ndipo akaja Meja Lyle Pomeroy, kijana mpole wa kutafuna ubani, kutoka ofisi ambayo haikupenda kutajwa. Aliitaka tasnifu ile. Te Paske angeweza kumpa tu. Lakini Nieuwveld hawakuwa watu wa kupeana vitu hivihivi.

"Sisi siyo Hitler, Meja," Dekani alimwambia. "Hapa tunapiga kura."

Baraza likaketi. Na Nieuwveld kulikuwa na desturi moja, waliyojivunia kuliko jogoo wa shaba juu ya kanisa lao: kazi ya mtu ikijadiliwa, mwenye kazi hutoka nje, ili wenzake waseme bila kumwonea haya. Waliiita mzizi wa demokrasia. Tryntje akatoka, akakaa ukumbini kwenye benchi la makoti, mlango ukiwa haujashika vizuri.

"Bwana Mwenyekiti," alisikia mtu wa Falsafa akisema, "tumeandika chuo kinatoa tasnifu 'kwa hiari'. Napendekeza iwe 'kwa furaha'."

"Furaha vitani?"

"Furaha ya wajibu, ndugu yangu."

"Basi tuseme 'kwa hiari yenye furaha'."

"Naunga mkono!"

Kisha sauti ya Mzee Gerrit Bolks wa Kemia, ambaye nyusi zake zilikwisha kuungua kwa ajili ya taifa: "Jamani, chini ya hilo tuta kuna watu?"

Kijiko kiligonga kikombe.

"Mzee Bolks, hilo halimo kwenye ajenda."

"Watu hawamo?"

"Wamo, Mzee. Lakini wako kwenye mengineyo."

Mengineyo yalipofika, ilifika pia pai ya tufaha, na sukari ilikuwa ya mgao. Kila mtu alijua lipi haliwezi kusubiri.

Walipomwita ndani, Dekani alimkumbatia. "Hongera, Bi Tryntje! Kwa kauli moja!"

"Kauli ya nani?"

"Yetu sote."

"Mimi nilikuwa kwenye makoti."

Walicheka sana. Walidhani anatania.

Kwenye chumba cha ramani, Meja aliitandaza ile ramani aliyoichora Tryntje kwa mkono wake, akachonga penseli. "Nionyeshe kwa kidole tu, Mama. Wapi pamedhoofu?"

"Mnakwenda kulitengeneza?"

Kijana akaona haya, akaacha kutafuna. "Wajerumani wana mizinga pale. Meli zetu hazipiti. Maji yakiingia, watatoka."

"Na wengine?"

"Wengine tutawaonya. Tutadondosha vipeperushi."

Kidole cha Tryntje kilikwenda kaskazini, ambako hakukuwa na mtu ila kondoo, na tuta lilikuwa nene kama shingo ya fahali. "Hapa," alisema. Penseli ikashuka. Tryntje akawaona mawazoni wale vijana wanaosinzia darasani mwake, hasa mmoja wa madoadoa usoni ambaye hukoroma kwa adabu, wako ndani ya mashua, mizinga inawatazama, na tuta halijafunguka kwa sababu mwalimu wao wa jiografia ana dada.

"Siyo hapo," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza. "Hapa. Kwenye pindo la kusini. Ndani ni mchanga mtupu. Na nyumba ya kwanza chini yake ni ya dada yangu."

Meja aliweka penseli chini. Baadaye aliiokota. "Pole, Mama."

"Pole yako haiwezi kumpandisha mtu ngazi. Hicho kipeperushi nitakiandika mimi."

Aliandika papo hapo, kwa Kiholanzi cha sokoni kama wanavyosema wenyewe kisiwani: *Maji yanakuja. Ondokeni sasa hivi. Pandeni mnara wa kanisa.* Meja alikipenda. Tatizo, kilikuwa andiko la chuo, na andiko la chuo hupita barazani. Na kwa kuwa lilikuwa kazi yake, Tryntje alitoka nje tena.

"'Ondokeni' ni amri," mtu wa Falsafa alikuwa analalamika. "Watu wa watu wameamrishwa na Mjerumani miaka yote hii, na sisi tuje na 'ondokeni'? Tuwaalike watafakari."

"Kwanza waambiwe uhuru ni nini," alisema wa Historia.

"Na Nuhu," alisema wa Theolojia. "Huwezi kutaja maji bila Nuhu. Itakuwa utovu wa nidhamu."

Tryntje aligonga mlango kwa ngumi. Te Paske akaufungua kidogo, pua tu ikatokeza.

"Bwana Dekani, dada yangu yuko pale!"

"Bi Tryntje, tafadhali. Tunakujadili kwa heshima kubwa."

"Msinijadili, nisikilizeni!"

"Ndiyo faida ya desturi yetu. Ukiwemo ndani tutakuonea haya, na haya si demokrasia." Mlango ukafungwa, safari hii ukashika.

Mzee Bolks alipiga kura ya hapana. Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe, wakachukua. Kipeperushi kikatoka na aya nne: ya kwanza maana ya uhuru, ya pili haki za raia, ya tatu Nuhu, ya nne maji. Lugha nayo ilikuwa Kiholanzi cha mababu, cha mimbarini, kile walichohama nacho, ambacho kule kwenyewe hakisemwi tena na aliye hai.

Tryntje alimkimbilia Meja uwanjani. "Chukua kile changu. Nakuomba, mwanangu."

"Vimeshachapwa, Mama." Hakuweza kumtazama. "Na vimepigiwa kura."

Tuta lilifunguka siku ya kwanza ya mabomu, pale pale alipoonyesha, kwa urahisi ulioandikwa kwenye tasnifu. Mizinga ilinyamaza. Meli zilipita. Gazeti la mji liliandika kwamba elimu imeshinda.

Majira ya baridi akapita kasisi mmoja wa jeshi aliyekuwa ametoka Oosterwaard, akaja hadi nyumbani kwake, akakataa chai. Waliopona, alisema, wengi ni wale ambao hawakusoma: walisikia ndege, wakawaona majirani wanakimbia, wakakimbia kanisani. Aukje walimkuta jikoni kwake baada ya maji kupungua kidogo, mezani, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Karatasi ilikuwa imegandamana na meza mbele yake. Kasisi aliitambua: ni kile kipeperushi.

Tryntje alimshukuru. Alipoondoka alisugua jiko, ambalo halikuwa chafu.

Mwisho wa muhula chuo kikamwandalia sherehe. Palikuwa na bendera, tarumbeta za Muziki, na nishani ya shaba waliyoibuni wenyewe kwa kura. Te Paske alimvisha, akamgeukia umati wa wazazi na wanajeshi.

"Ndugu zangu, wengine vitani hutuma risasi. Nieuwveld ilituma maarifa! Na zaidi ya maarifa, ilituma neno: neno huru, lililojadiliwa na watu huru, likadondoka toka mbinguni mikononi mwa walioonewa!" Makofi. Mzee Bolks peke yake alikuwa anatazama viatu vyake. Dekani, machozi yakimlenga, akamwinamia Tryntje ili wote wasikie. "Profesa wetu ana dada kule kisiwani. Hebu tuambie, Bi Tryntje, na yeye kipeperushi chetu kilimfikia?"

"Kilimfikia," alisema Tryntje. "Alikuwa anasoma polepole."