Kijumba cha Getini Harbeck

Jumba la Harbeck lilikuwa la ukoo wa Ketteridge tangu enzi ambazo hata wao walizisimulia kwa kubahatisha. Walikuwa na desturi zao, na moja, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kijeuri kabisa: mtumishi mkuu wa vyumba vya juu aliitwa Jane, hata awe amepewa jina gani na mama yake. Akiondoka huyu, anakuja Jane mwingine. Ndivyo Dorcas Tuplin alivyoingia kigoli, akawa Jane mpaka nywele zikamwisha weusi.

Hakunung'unika. Bibi Ketteridge alikuwa amemwahidi kijumba cha getini, kile chenye mtufaha mlangoni, azeekee pale. Mapazia yake alishayashona.

Bibi alifariki majira ya baridi. Mwanawe alikuwa ameliwa na vita, na kodi ya urithi ikakomba kilichobaki. Aubrey, mpwa wa Bibi, akaja kutoka London akaliuza jumba kwa wabomoaji. Dorcas akangoja aitwe. Mtumishi wa Harbeck hafungui kinywa mpaka aulizwe, naye aliishika adabu hiyo hadi vigae vilipoanza kuteremshwa paani. Ndipo alipompelekea Aubrey chai, akajikaza.

"Samahani, bwana. Kile kijumba cha getini..."

"Kimekwenda na shamba zima. Kwani vipi, Jane?"

"Bibi aliniahidi, bwana."

"Wewe? Mbona hakukutaja?" Aubrey akaweka kikombe. "Siku ile ya mwisho nilipokuja kumwona, kanishika mkono, kaniambia, 'Kijumba mpe Dorcas, usinivunjie ahadi.' Nimemtafuta huyo Dorcas nikachoka! Kasisi hamjui. Mpishi naye ananiambia labda ni yule mbwa wake wa zamani. Wewe unamjua?"

Dorcas aliiweka sinia mezani. Kumbe Bibi alilijua jina lake miaka yote hiyo, asilitamke hata mara moja, akaja kulitoa kwa heshima siku ya kufa, mbele ya mtu asiyelijua. Dorcas hakujua amshukuru marehemu au amlaani.

"Ni mimi, bwana."

Aubrey akawa mwekundu hadi masikioni. Hakuwa mtu mbaya. Lakini hati zilishatiwa saini, na nje nyundo zilikuwa zikigonga.

"Masikini wee," alisema mwishowe. "Pole sana, Jane."